Hatukuona Kitu: Funzo la Maada ya Giza kwa Mwalimu wa Sayansi

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya nyanda za juu, yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Somo la siku ile lilikuwa kiwango cha kuchemka cha maji. Majiko ya mafuta ya taa yaliwashwa, vipimajoto vikatumbukizwa, na kila kikundi kikaandika matokeo yake ubaoni. Vikundi vinne viliandika nyuzi 100. Kikundi cha tano kiliandika nyuzi 95. Mwalimu alikitia kosa kikundi hicho, akawaagiza wanafunzi wake wakasome kitabu upya. Sisi tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa, fomu ya tathmini magotini. Tuliandika kwamba mwalimu ana sauti ya kusikika, ubao wake umepangika, na zana zake zinatosha. Tukampa alama ya juu.

Ni baadaye, tukiwa ndani ya basi, ndipo tulipotambua lililotendeka. Katika mwinuko ule kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kikundi kimoja tu ndicho kilichosoma kipimajoto. Vile vinne vilisoma kitabu. Waliosema kweli walitiwa kosa, waliotunga walisifiwa, na sisi tuliotumwa kulinda ubora wa ualimu tukatia sahihi yetu chini yake.

Tumelikumbuka kosa hilo tulipokuwa tukisoma habari za wataalamu wa fizikia ambao, kwa muda wa karibu miaka 40, wamekuwa wakishuka migodini na kuingia chini ya milima kutafuta chembe za kitu kiitwacho maada ya giza. Hadi leo hakuna hata chembe moja iliyothibitishwa kunaswa. Wataalamu hao wameandika hivyo waziwazi, kwa tarakimu, na majina yao yako juu ya maandishi hayo. Rai yetu ni kwamba kisa hiki kifundishwe katika vyuo vya ualimu, katika somo la mbinu za kufundishia sayansi. Mwalimu akishaelewa namna mtu anavyoweza kutafuta kwa bidii, asione kitu, na bado akawa ameongeza elimu, hatamtia kosa tena mtoto aliyeandika 95.

Chanzo cha Swali

Mwaka 1933 mtaalamu wa falaki Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alichunguza mwendo wa galaksi zilizomo katika kundi liitwalo Coma. Aliziona zinakwenda kasi mno. Kwa uzito wa nyota zilizoonekana, mvutano usingetosha kuzishika pamoja; zingalikwisha kutawanyika zamani. Akahitimisha kwamba mna maada nyingi humo isiyotoa nuru.

Hoja hiyo haikupata wasikilizaji wengi kwa miaka mingi. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani walitangaza vipimo vyao vya galaksi ya Andromeda. Katika mfumo wa jua letu, sayari iliyo karibu na jua hukimbia na iliyo mbali hujikokota: Utaridi huenda kilomita 47 kwa sekunde, hali Neptuni huenda kilomita 5 tu. Ingetazamiwa kwamba na nyota za pembezoni mwa galaksi zijikokote vivyo hivyo. Rubin na Ford waliona sivyo. Zile za mbali zilikwenda kwa kasi iliyokaribia ile ya nyota za ndani. Galaksi nyingine nyingi zilipopimwa baadaye, zilionyesha tabia ile ile. Leo vipimo vya nuru ya kale iliyosambaa angani, hasa vile vya chombo cha Ulaya kiitwacho Planck, vyaonyesha kwamba maada ya giza ni kama mara 5 ya maada yote ya kawaida.

Jina lenyewe lahitaji uangalifu darasani. Mtoto akisikia neno giza hudhani ni kitu cheusi kinachozuia mwanga, mathalan ukuta au wingu zito. Maada hii haizuii mwanga, haiutoi, wala hairudishi. Mwanga hupita ndani yake kana kwamba hamna kitu. Twaijua kwa mvutano wake peke yake.

Mwanafunzi makini atauliza: je, haiwezekani kwamba hakuna maada yoyote iliyofichika, bali kanuni yetu ya mvutano ndiyo yenye kasoro? Swali hilo ni halali, na historia inalo jibu la pande mbili. Sayari ya Uranusi ilipoonekana inapotoka njia yake, Urbain Le Verrier wa Ufaransa alipiga hesabu, akasema kuna sayari nyingine inayoivuta. Mwaka 1846 Johann Galle aliielekeza darubini yake mjini Berlin, akaiona Neptuni karibu na mahali palipotajwa. Le Verrier huyo huyo aliona mwaka 1859 kwamba Utaridi nayo ina mwendo usioelezeka, akasema kuna sayari nyingine karibu zaidi na jua, ikaitwa Vulcan. Watu waliitafuta kwa miaka mingi, wala haikuwako. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba kanuni ya mvutano yenyewe ndiyo iliyohitaji kurekebishwa. Mtu yule yule, kwa hoja ya namna ile ile, alipata mara moja na akakosa mara moja. Hakuna kilichoamua baina ya Neptuni na Vulcan ila kutazama.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo leo. Wanafizikia wengi huegemea upande wa maada iliyofichika. Wachache, wakifuata fikra iliyotolewa na Mordehai Milgrom mwaka 1983, huegemea upande wa kurekebisha kanuni. Hatuna budi kutazama.

Kwa Nini Chini ya Ardhi

Ikiwa galaksi yetu imezama ndani ya maada ya giza, basi nasi tumezama humo. Jua letu, pamoja na dunia, huzunguka kitovu cha galaksi kwa kasi ya kilomita 220 hivi kwa sekunde, kwa hiyo chembe hizo hutupitia kama upepo umpitiavyo mpanda baiskeli. Tukikadiria kwamba chembe moja ina uzito wa mara 100 wa protoni, basi makumi ya maelfu ya chembe hizo hupita katika kila sentimita ya mraba ya mwili wetu kila sekunde. Mwaka 1985 Mark Goodman na Edward Witten walieleza kwamba yamkini, kwa nadra sana, moja kati ya hizo itagonga kiini cha atomu na kukisukuma kidogo. Anayetaka kuigundua aweke maada safi mahali patulivu, asubiri msukumo huo.

Ugumu uko katika neno patulivu. Dunia yetu ina kelele, nasi hapa twasema kelele za mionzi. Ukinyosha kiganja chako uwanjani, chembe moja au mbili zitokazo kwenye miale ya anga za juu hukipenya kila sekunde. Udongo hutoa gesi ya radoni. Ndizi moja, kwa sababu ya potasiamu iliyomo, hutoa mionzi kama mara 15 kila sekunde, na mwili wa mtu mzima hufanya hivyo mara elfu kadhaa. Kumngojea mgeni anayebisha hodi labda mara moja kwa mwaka, katika nyumba inayopigwa mawe usiku na mchana, ni kazi bure.

Ndiyo maana wakashuka chini. Jaribio la kwanza, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1987, lilifanywa kwa kipande cha jemaniamu katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, Dakota Kusini, nchini Marekani. Leo kuna maabara ya Gran Sasso nchini Italia, kando ya barabara kuu ipitayo ndani ya mlima, yenye mwamba wa mita 1,400 juu yake. Kuna Boulby nchini Uingereza, ndani ya mgodi wenye kina cha mita 1,100. Kuna Sudbury nchini Kanada, kilomita 2 chini katika mgodi wa nikeli. Na kuna Jinping nchini China, chini ya mwamba wa mita 2,400. Katika Gran Sasso miale ya anga za juu hupungua kiasi cha mara milioni moja.

Bara letu nalo limo katika historia ya kazi hizi za chini ya ardhi. Mwaka 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand nchini Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 3 chini, kundi lililoongozwa na Frederick Reines wa Marekani na Friedel Sellschop wa Afrika Kusini lilinasa nyutrino za kwanza za asili, zile zizaliwazo katika angahewa. Sayansi hiyo ilipata kina chake kutokana na jasho la wachimbaji Waafrika walionyimwa haki katika nchi yao wenyewe, na mwalimu akisimulia habari hii asiwasahau.

Jinsi Mtego Unavyotegwa

Tuuchukue mfano mmoja. Katika mgodi ule ule wa Homestake, ambao uchimbaji wa dhahabu ulikoma mwaka 2002, limewekwa jaribio liitwalo LZ, kilomita moja na nusu chini ya ardhi. Ndani ya tangi kubwa la maji mna chombo chenye tani 10 za zenoni, gesi adimu iliyopozwa hadi nyuzi 100 hivi chini ya sifuri ikawa kimiminiko. Tani 7 kati ya hizo hutazamwa na vipokeanuru karibu 500. Chembe ikigonga kiini cha atomu ya zenoni, hutokea mmweko hafifu wa nuru. Elektroni zilizong'oka huvutwa juu kwa nguvu ya umeme, na zinapofika kwenye tabaka la gesi hutoa mmweko wa pili. Muda uliopita baina ya mimweko hiyo miwili huonyesha kina, na uwiano wa nguvu zake hudokeza kama kilichogongwa ni kiini au ni elektroni. Zenoni ya pembeni huikinga ile ya katikati, na matukio ya pembeni hayahesabiwi.

Lililotupendeza zaidi katika kazi yao ni tahadhari waliyojiwekea wenyewe. Walijua kwamba binadamu huona anachotamani kuona. Kwa hiyo walichanganya matukio ya bandia miongoni mwa yale ya kweli, bila wachambuzi kujua ni yapi, na hawakufichuliwa hadi hukumu zote zilipokwisha kutolewa. Kwa lugha yao wanaita jambo hilo kutia chumvi. Kwa Kiswahili kutia chumvi ni kuikuza habari kupita ukweli wake. Wao waliitumia chumvi hiyo kujizuia wasitie chumvi. Mwalimu hatakosa kuufurahia mgongano huo wa maneno mbele ya darasa.

"Hapana" Yenye Kipimo

Mwaka 2024 LZ ilitoa matokeo ya siku 280 za kutazama. Hawakuona chembe ya maada ya giza. Lakini hawakuandika tu kwamba hawakuona. Waliandika kwamba, kama chembe hiyo ina uzito wa mara 40 hivi wa protoni, basi shabaha inayoiona katika kila protoni au nyutroni haiwezi kuzidi sentimita za mraba 2.2 × 10⁻⁴⁸. Yaani nukta, kisha sifuri 47, kisha 22. Lau ingalikuwa kubwa kuliko hapo, mtego wao ungaliinasa. Mwaka 2007 jaribio la XENON10 huko Gran Sasso, lililotumia kilo zipatazo 15 za zenoni, lilikuwa limeishia kwenye mpaka wa 4.5 × 10⁻⁴⁴. Kwa muda usiotimia miaka 20, eneo la kutafutia limepunguzwa zaidi ya mara 10,000, na kila hatua ya safari hiyo ilikuwa ni jibu la "hapana".

Je, twajuaje kwamba mtego si kipofu? Kwa kuupa vitu vinavyojulikana na kuona kama utaviona. Isitoshe, mwaka 2024 majaribio ya XENONnT nchini Italia na PandaX-4T nchini China yalitangaza dalili za kwanza za nyutrino za jua zikigonga viini vya zenoni. Mtego unaoweza kuhisi mguso huo, ukisema hapana kitu kingine, usemi wake una uzito.

Visa vitatu vyafaa kusimuliwa kwa wanachuo, maana vyaonyesha uaminifu ukijaribiwa. Cha kwanza ni cha kundi la CDMS, lililokuwa likifanya kazi katika mgodi wa zamani wa chuma wa Soudan, Minnesota. Mwishoni mwa mwaka 2009 walitangaza kwamba wameona matukio 2 yaliyofanana na yale waliyoyatafuta. Hapo ndipo tamaa humshika mtu. Lakini walikuwa wamekwisha kukadiria kwamba kelele peke yake zingeweza kuleta tukio 0.9, na kwamba uwezekano wa kelele kuleta matukio 2 au zaidi ni asilimia 23. Wakasema basi kwamba hawawezi kudai ugunduzi.

Cha pili ni cha XENON1T. Mwaka 2020 waliona ziada ya matukio ambayo hawakuitazamia. Waliitangaza pamoja na maelezo mbalimbali yanayowezekana, likiwamo lile lisilo na fahari yoyote, kwamba huenda ni uchafu kidogo wa tritiamu. Mwaka 2022 chombo kilichofuata, kilicho safi zaidi, hakikuiona ziada hiyo.

Cha tatu ni kirefu zaidi. Kundi la DAMA, katika Gran Sasso, lilitumia fuwele za iodidi ya sodiamu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 limeshikilia kwamba matukio yake huongezeka na kupungua kila mwaka, yakifikia kilele karibu na mwanzo wa mwezi Juni, kama ingetazamiwa wakati dunia inapokwenda sambamba na mwendo wa jua na kuukabili upepo ule kwa kasi zaidi. Dalili yao ilikuwa dhahiri katika takwimu zao. Wengine hawakuridhika kubishana kwa maneno. Walitengeneza mitego ya fuwele za aina ile ile. ANAIS iliwekwa Canfranc nchini Hispania, na COSINE-100 Yangyang nchini Korea Kusini. Baada ya miaka ya kutazama, matokeo ya makundi hayo yaliyotolewa mwaka 2025 hayakuonyesha mabadiliko hayo ya kila mwaka. Chanzo cha mabadiliko waliyoyaona DAMA bado chajadiliwa, lakini kuyahesabu kuwa ni maada ya giza kumekuwa kugumu sana. Hapa mwanachuo atajifunza kwamba jibu la mtu mmoja, hata likiwa la miaka 20, halijawa elimu ya wote mpaka mwingine alirudie.

Zoezi la Makopo

Msomaji atasema kwamba shule zetu hazina zenoni. Ni kweli. Lakini mantiki ya kazi hii haihitaji zenoni, na sisi tumeifundisha kwa makopo matupu ya maziwa. Twaeleza hapa namna ya kufanya, ili walimu wenzetu waijaribu na kuikosoa.

Mkufunzi aandae makopo 10 yaliyofungwa kwa gundi, yawe na namba. Katika baadhi yake atie kitu kimoja: punje ya mahindi, punje ya mchele, jiwe dogo. Mengine ayaache matupu. Orodha aifungie ndani ya bahasha. Kila kikundi kitikise kila kopo na kuandika kisikiacho.

Kwanza wafanye kazi hiyo nje, karibu na darasa linaloimba. Kisha wairudie ndani ya chumba, milango imefungwa. Wataona wenyewe kwamba makopo waliyoyaita matupu nje yana vitu, na mengine waliyodhani yana vitu hayana. Hapo mkufunzi aeleze kwa nini watu hushuka kilomita moja na nusu chini ya ardhi.

Baada ya hapo wapewe kopo la wazi ili wajipime masikio: watie jiwe watikise, watie mahindi watikise, watie mchele watikise, watie chembe ya chumvi watikise. Wengi husikia hadi mchele, wala hawasikii chumvi. Sasa waulizwe upya juu ya kopo namba 7, ambalo halikutoa sauti. Mwanachuo wa mara ya kwanza huandika: "Ni tupu." Mkufunzi asilikubali jibu hilo. Jibu lililo sahihi ni hili: "Halina kitu kikubwa kama punje ya mchele au zaidi, maana ningalikisikia; kama mna kitu kidogo kuliko hapo, sikio langu halifiki." Mwanachuo akishaweza kuiandika sentensi hiyo mwenyewe, ameelewa maana ya tarakimu ile yenye sifuri 47.

Mwisho bahasha isifunguliwe. Jambo hili huwaudhi sana wanachuo, nasi twakiri kwamba mara ya kwanza tulishindwa na kelele zao, tukaifungua. Tangu siku hiyo tumeikataza. Chini ya mlima wa Gran Sasso hakuna bahasha. Kuna kikundi kingine tu chenye makopo yake, na njia ya kupata uhakika ni kulinganisha maandishi.

Pingamizi

Tumepata kusikia hoja tatu dhidi ya rai yetu. Ya kwanza yasema kwamba si haki kufundisha jambo ambalo wataalamu wenyewe hawajalipata, hali yako mengi yaliyopatikana ambayo wanafunzi hawajayajua. Twajibu kwamba mengi hayo yaliyopatikana hufundishwa kana kwamba yalishuka yakiwa tayari kitabuni. Mwanafunzi anayeona majibu tu, siku zote, atadhani kazi ya jaribio ni kulifikia jibu lililokwisha kuandikwa. Anahitaji swali moja, japo moja, ambalo hata mwalimu hajui mwisho wake.

Hoja ya pili ni ya mtihani. Katika mitihani ya vitendo, wasema wenzetu, alama hutolewa kwa jibu lililo karibu na lile la kitabu, na mwanafunzi mkweli ataumia. Hoja hii ni nzito, wala hatuidharau. Mzazi aliyeuza mbuzi kulipia ada hatashukuru akiambiwa kwamba mtoto wake ameanguka kwa sababu ya ukweli. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mitihani ya ndani, kazi za maabara na tathmini za mazoezi ya kufundisha ziko mikononi mwetu sisi wenyewe. Hapo twaweza kuanza kutoa alama kwa kumbukumbu: je, kipimo kimeandikwa kama kilivyosomwa? Je, mwanafunzi ameorodhesha, kabla ya kuanza, mambo yawezayo kumdanganya? Je, amerudia? Je, amesema kipimo chake kinaishia wapi? Mwanafunzi aliyezoea hayo hatashindwa na mtihani wa nje. Atajua kwa nini jibu lake latofautiana na la kitabu, na atalieleza.

Hoja ya tatu ndiyo inayotusumbua zaidi. Wapo wasemao: ikiwa kila mara wataalamu hawa wanakosa na kuomba chombo kikubwa zaidi, watajuaje wakati wa kukoma? Hatuwezi kusema kwamba jibu ni rahisi. Mitego sasa imekuwa na uwezo mkubwa kiasi kwamba nyutrino za jua zenyewe zinaanza kuwa kelele, na kuzidi hapo kutakuwa kugumu. Huenda chembe ni ya namna nyingine kabisa. Wapo wanaoitafuta aksioni, iliyo nyepesi mno, kwa vyombo vya aina tofauti. Huenda pia mwisho wake ukawa wa Vulcan. Lakini hata hivyo kazi haitakuwa imepotea, maana atakayekuja kurekebisha kanuni ya mvutano atahitaji kujua kwa hakika ni wapi palipotafutwa na pasionekane kitu. Atategemea maandishi ya watu waliokubali kuandika "hatukuona" bila kuona haya.

Tunalopendekeza

Twapendekeza, kwa hiyo, kwamba kila chuo kitenge vipindi viwili katika somo la mbinu za kufundishia sayansi: kimoja cha kusimulia kisa hiki, na kimoja cha zoezi la makopo. Twapendekeza pia kwamba fomu ya kumtathmini mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha iongezewe swali moja: mwanafunzi aliyepata kipimo tofauti na cha kitabu alitendewaje? Swali hilo halina gharama. Lau lingalikuwamo katika fomu tuliyokuwa nayo magotini siku ile, tungaliinua macho tukatazama ubaoni.

Kikundi kile cha tano kilikuwa cha wasichana wanne na mvulana mmoja. Baada ya kutiwa kosa, mmoja wao alifuta 95 kwa kiganja, akaandika 100. Tulimwona akifanya hivyo. Hatujui yuko wapi sasa, wala kama aliendelea na sayansi. Kama amekuwa mwalimu, na makala haya yakamfikia, twamwomba radhi, na twamwomba airudishe ile 95 mahali pake.